Jinsi ya Kusoma Uhakiki wa Mashairi Yako Ukiwa Mbali

Uhakiki wa kwanza wa diwani yangu ulinifikia kwenye simu, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa kituo cha basi natoka zamu ya usiku. Mpwa wangu aliupiga picha ukurasa wa jarida akanitumia. Picha ilikata upande wa kulia, kwa hiyo kila mstari ulikosa neno moja au mawili ya mwisho. Naye, kwa uchungu wa kumwona mjomba wake anasemwa, alikuwa ameizungushia duara jekundu sentensi moja: "Mshairi huyu aliondoka na Kiswahili cha siku aliyopanda ndege, na hajakibadilisha tangu hapo." Niliisoma sentensi ile mara nane kabla basi halijafika. Nyingine sikuzigusa.

Nimeishi ughaibuni miaka 14. Nina diwani mbili, na nimeshasoma hakiki zaidi ya ishirini za kazi yangu: za magazeti, za majarida ya vyuo, na tasnifu moja nzima. Utaratibu ninaoueleza hapa nimeujenga kwa kukosea, na kosa la kwanza ni hilo la kituo cha basi. Mshairi aliyeko nyumbani akisemwa leo, kesho atakutana na msomaji mwingine atakayemwambia tofauti, keshokutwa atamsikia mtu akiimba ubeti wake bila hata kujua nani aliutunga. Sisi wa mbali hatuna huyo wa kesho. Neno la mtu mmoja likishavuka bahari linatufikia kama neno la umma, na ukilipokea hivyo litakuvunja, au litakuvimbisha kichwa, kulingana na lilivyosemwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usisome mpaka uwe na andiko zima. Kipande ulichotumiwa kimechaguliwa na mtu anayekupenda au anayekuchukia, na wote wawili wanachagua vibaya. Mjibu aliyekutumia, mshukuru, kisha mwombe kurasa zote, pamoja na ukurasa wa jina la jarida na tarehe. Mimi ilinichukua siku tatu kuupata ukurasa wa pili wa uhakiki ule. Katika siku hizo tatu nilikuwa nimeshamjibu mhakiki kichwani mara nyingi, nikiwa kazini na nikiwa kitandani, na majibu yote yalikuwa ya sentensi moja tu aliyoiandika. Ukurasa wa pili ulipofika nikakuta ndiko alikoweka hoja zake.

Ukishalipata andiko zima, liweke kando kwanza. Chukua kitabu chako, fungua shairi linalozungumzwa, ulisome kwa sauti kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hatua hii naisisitiza kuliko zote, na ndiyo watunzi wengi ninaowafahamu huiruka. Shairi ulilolitunga miaka mitano iliyopita hulikumbuki kama lilivyo, unakumbuka ulichotaka kusema. Ukiingia kwenye uhakiki na kumbukumbu hiyo, utamwona mhakiki hajui kusoma, kumbe anasoma kilichochapwa na wewe unasoma kilichobaki moyoni mwako. Soma kwa sauti, taratibu, mlango umefungwa. Mahali ulimi unapokwama, weka alama ndogo ya penseli pembeni. Usirekebishe chochote.

Ndipo usome uhakiki, na usiusome kwenye simu. Unakili kwa mkono. Najua ni kazi, uhakiki wa kurasa mbili ulinichukua karibu saa nzima, lakini mkono unakwenda polepole kuliko hasira. Kila ukimaliza sentensi, andika herufi moja pembeni. Mimi natumia M kwa sentensi inayotaja mshororo, neno au ubeti wangu, kitu ninachoweza kukiendea kitabuni na kukigusa kwa kidole. Natumia N kwa sentensi inayonisema mimi nafsi yangu: nilipo, nilivyoondoka, ninavyofikiri. Natumia K kwa sentensi inayozungumzia ushairi kwa jumla, yaani kambi ya mhakiki. Uhakiki alionitumia mpwa wangu ulikuwa na sentensi 31. Zenye M zilikuwa tisa. Ile ya duara jekundu ilipata N, na nilipoandika herufi ile pembeni nilihisi imepungua uzito, kwa sababu sikuona pa kuipeleka kitabuni. Hakuna ubeti wowote ungebadilika kwa ajili yake.

Lakini sentensi iliyofuata, ambayo mpwa wangu hakuizungushia chochote, ilikuwa M. Ilisema mshororo wa tatu wa ubeti wa pili una mizani tisa, yaani silabi tisa, katika ukwapi, kipande chake cha kwanza, wakati shairi zima linakwenda kwa nane.

Mshororo wenyewe ni huu: "Mbwa wa jirani abweka, usiku haunilazi." Nilicheka, nikahesabu kwa vidole juu ya meza: mbwa, wa, ji, ra, ni, a, bwe, ka. Nane. Nikahesabu tena. Nane. Nikasema huyu ndiye asiyejua kuhesabu. Halafu nikakumbuka kwamba katika kusoma kwa sauti nilikuwa nimeweka alama ya penseli papo hapo, kabla sijaona alichosema mtu yeyote. Ulimi wangu ulishajua. "Mbwa" ni mizani mbili, m-bwa, kama vile mtu ni m-tu na nchi ni n-chi. Ile m inasimama peke yake na inabeba pigo lake. Katika "mbali" au "mbegu" haisimami, inaegemea silabi inayofuata: mba-li, mbe-gu. Jambo hili nilifundishwa nikiwa kijana, na nililijua kiasi cha kuweza kumfundisha mwingine. Ila kwa miaka mingi nilikuwa nazungumza kutwa nzima lugha ambayo konsonanti hurundikana na kumezwa kwa pumzi moja, na sikio langu likajifunza kumeza nalo. Mbwa wangu akawa pigo moja.

Nililia siku ile, sioni haya kusema. Niliogopa kwamba kinachonitoka ni sikio lenyewe. Baadaye nikaona kwamba mhakiki aliyeniambia mizani tisa amenifanyia wema ambao ndugu zangu wote, kwa kunionea huruma, hawakunifanyia. Nikakaa na mshororo ule wiki mbili. Nilijaribu "Mbwa wa kando abweka," mizani ikatimia lakini maana ikabaki ileile. Kisha ikaja: "Mbwa wa mbali abweka, usiku haunilazi." Hesabu: m-bwa, wa, mba-li, a-bwe-ka. Nane. Na yule mbwa ambaye alikuwa wa nyumba ya pili sasa yuko mbali. Labda ni mbwa wa huku, labda ni wa kule nilikotoka, anabweka usiku na mimi namsikia. Shairi lote likapata kitu ambacho sikuwa nimekitia. Ndiyo maana sentensi za M nasema uzipe muda mrefu kuliko nyingine zote, hata ukiona mhakiki mwenyewe hakupendi. Hajali moyo wako, lakini kidole chake kiko juu ya mshororo.

Sentensi za K zinahitaji ujue historia kidogo. Ushairi wa Kiswahili una ugomvi wa muda mrefu, na mhakiki wako anaweza kuwa anaendeleza ugomvi huo kupitia kitabu chako. Mshairi Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na wanamapokeo wengi, yaani watetezi wa utunzi wa jadi, wamezishika tangu hapo: vina, mizani, mishororo iliyopangika, ubeti unaojitosheleza. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 na tungo zake huru, walikuwapo waliosema kwamba zile si mashairi kabisa, ni nathari iliyokatwakatwa, na neno "guni", yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, likatumika kama fimbo. Kezilahabi naye baadaye alikwenda kufundisha Botswana, na mjadala ukaendelea bila kumngoja.

Kwa hiyo jiulize: mhakiki anakupima kwa sheria ipi, na wewe shairi hili ulilitunga kwa sheria ipi? Ukitunga shairi huru, akasema halina vina, hajazungumzia shairi lako bado. Mwache, usiumie, nenda sentensi inayofuata. Lakini ukitunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, akasema umezidisha moja, huna pa kukimbilia. Sheria ile uliichagua mwenyewe. Mimi na mbwa wangu tulikuwa ndani ya sheria niliyoiweka ubeti wa kwanza, na kumwita mhakiki mwanamapokeo aliyepitwa na wakati kungekuwa uongo.

Sasa kuna tuhuma moja ambayo kila mtunzi aliye mbali ataipata, nayo ni hiyo ya Kiswahili kilichosimama. Usiikubali yote, usiikatae yote. Itafsiri iwe swali la M: neno gani, ubeti gani? Mhakiki wangu wa pili alifanya kazi hiyo kwa ajili yangu. Aliandika kwamba watu wote katika mashairi yangu wanasubiri barua, wakati wasomaji wake wanakesha wakitazama kama zile tiki mbili za WhatsApp zimegeuka buluu. Nilikwenda kuhesabu. Barua ilitokea katika mashairi manne. Katika matatu niliona wazi kwamba niliandika "barua" kwa sababu mwaka nilioondoka ndivyo tulivyosubiriana, na mkono ukaendelea kuandika hivyo bila kuniuliza. Watu wa mashairi yale walikuwa watu wa leo, nami nimewaweka katika saa iliyosimama. Katika shairi la nne, barua iko ndani ya sanduku la bibi, imekunjwa mara nne, na karatasi imechanika kwenye mikunjo. Ile ni barua kweli, haiwezi kuwa kitu kingine, na shairi linakufa ukiiondoa. Nilibadilisha matatu, la nne nikaliacha, na mhakiki yuleyule akirudi kulisema nitamsikiliza tena na nitaliacha tena.

Ili ujue kama sikio lako limepungua, unahitaji sikio la mtu mwingine. Hapa ndipo umbali unapouma, lakini dawa yake ni rahisi. Mtafute mtu mmoja anayeishi katika Kiswahili kutwa, asiwe mshairi, asiwe mtu wa kukusifu. Mtumie shairi, mpigie simu, mwombe akusomee kwa sauti. Usimwambie kuna uhakiki. Usimwambie unatafuta nini. Wewe kaa na kitabu chako mbele yako, na kila anapopunguza mwendo, anaporudia, anapovuta neno kwa kulitilia shaka, weka alama. Mimi nina dada yangu. Mara ya kwanza alisoma beti tatu bila tatizo, wa nne akasimama.

"Kaka, hapa huyu anayesema ni nani?"

"Wewe unaona ni nani?"

"Nilidhani ni wewe. Sasa anasema wajukuu wake."

Swali lake lilinifungulia uhakiki wa tatu, ule ulioniumiza kuliko wote. Shairi lile linasemwa na mwanamke mzee ambaye hakwenda kumzika kaka yake. Mhakiki aliandika kwamba mshairi anajitetea kwa kutohudhuria maziko ya ndugu yake, na kwamba utetezi wake ni baridi. Mimi sijawahi kuwa na kaka. Nilijaa hasira ambayo sijui niielezee vipi: mtu kunipachikia msiba ambao haujanipata, kisha akanilaumu jinsi nilivyoulia. Kwa herufi zangu ilikuwa N tupu. Kosa la kuchanganya nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, na mtunzi ni kosa la mhakiki, kila anayefundisha ushairi hulitaja mapema. Lakini dada yangu, ambaye hana ubaya wowote nami, alikuwa amekosea vilevile hadi ubeti wa nne. Nilirudi kwenye shairi nikatafuta ni wapi msomaji anaweza kujua kwamba anayesema ni bibi. Hakuna mahali kabla ya neno "wajukuu". Kichwa cha shairi hakisaidii. Beti tatu nzima zilikuwa zinamwachia msomaji anipachike mimi, kwa kuwa anajua niko mbali na anajua watu wa mbali hukosa maziko.

Kwa hiyo hata sentensi ya N, ukishatulia, iulize swali moja: ni nini katika shairi kilichomruhusu afikiri hivi? Ukikosa jibu, iache. Ukilipata, limekuwa suala la M, na lina dawa.

Sifa nazo zipitishe kwenye herufi hizohizo. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu sifa ndiyo inayomharibu mtunzi aliye mbali, tena kwa utamu. Nimeitwa "sauti ya ughaibuni" mara tatu, na katika hakiki mbili kati ya hizo hakuna mshororo wangu hata mmoja ulionukuliwa. Walikuwa wanausifu umbali wangu. Nilipoanza kuamini jina lile, nilitunga mashairi saba mfululizo yenye baridi, dirisha, na uwanja wa ndege, na yote saba nimeyatupa. Sifa yenye M ni kitu kingine kabisa. Mtu mmoja aliandika kwamba katika shairi fulani vina vya kati vinakwenda kwa -ni mpaka ubeti wa mwisho, ambapo vinageuka kuwa -wa, na kwamba mgeuko ule umemfanya asimame. Sikuwa nimepanga kuumiza mtu kwa kubadili kina, lakini niliporudi kusoma nikaelewa kwa nini nilikuwa nimegeuza, na nimekitumia chombo kile tena mara mbili kwa kujua.

Kuhusu tasnifu, nitasema kwa kifupi. Ukitumiwa kazi ya chuo juu ya mashairi yako, usianzie sura ya nadharia. Tafuta penye nukuu za beti zako, soma kurasa mbili kabla na mbili baada. Na linganisha kila nukuu na kitabu, neno kwa neno. Tasnifu iliyoandikwa juu yangu ilinukuu "nami" kama "name" mahali pawili, bila shaka ni simu au kompyuta iliyosahihisha yenyewe, na aya nzima ilikuwa imejengwa juu ya maana ya ajabu ya ubeti ule. Hilo ndilo jambo pekee linalostahili barua kwa mwandishi wake: ya heshima, fupi, yenye namba ya ukurasa. Usiongeze neno juu ya tafsiri yake.

Na kujibu kwingine? Majibizano ni ya asili kabisa katika ushairi wetu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akijibizana kwa tungo, na shairi kujibiwa kwa shairi ni heshima kwa pande zote mbili. Kama mhakiki wako amekuandikia shairi, mjibu kwa bahari yake, yaani aina ileile ya shairi, na vina vyake kama unaweza. Kama amekuandikia makala, andika jibu lako lote, refu utakavyo, tia tarehe, ulifungie. Byron, mshairi wa Kiingereza, aliondoka Uingereza mwaka 1816 na hakurudi tena akiwa hai. Alipokuwa Ravenna, Italia, aliandika mwezi Machi 1820 jibu refu kwa makala ya Agosti 1819 iliyomshambulia katika jarida la Blackwood's. Hesabu miezi iliyopita katikati, ndipo uone posta ya wakati ule na moyo wa mtu aliye mbali. Jibu lile halikuchapishwa uhai wake, lilitoka mwaka 1833, miaka tisa baada ya kufa kwake. Mashairi aliendelea kutunga. Mimi nina majibu manne ya namna hiyo kwenye bahasha moja, na kila nikiyasoma nafurahi kwamba yamo ndani ya bahasha.

Lililobaki ni kuhifadhi. Nakala ya mkono uliyoiandika, yenye herufi zake pembeni, ikunje uiweke ndani ya kitabu chako katika ukurasa wa shairi linalohusika. Andika tarehe uliyoipokea na tarehe uliyoisoma nzima, ni mbili tofauti. Irudie baada ya mwaka mmoja na herufi uzipange upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Utashangaa ngapi zimehama. Sentensi ile ya duara jekundu, niliyoipa N nikaiacha, mwaka uliofuata niliipa M kwa wino wa kijani, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimeshazihesabu barua zangu.

Mchapishaji alipoomba masahihisho ya toleo la pili, nilifungua kitabu nikafuata karatasi zilizokunjwa, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimtumia mabadiliko sita. La kwanza lilikuwa neno moja, "jirani", liwe "mbali".